Vigari vinavyojiendesha Lamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudiwa barazani, jeti na kwenye simu kila panapotajwa magari madogo yasiyo na dereva kisiwani. Ukurasa huu hautangazi mradi wowote. Unaeleza namna usafiri wa aina hiyo ungepangwa iwapo watu wa Lamu watautaka. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: vigari hivi vinaweza kuwa na kazi Lamu, lakini kazi hiyo iko nje ya Mji wa Kale. Atakayekuja na ramani inayovipitisha ndani ya vichochoro hajautazama mji.

## Misingi

1. Vigari hivi ni nini hasa?

Ni magari madogo ya umeme, ya watu wanne hadi ishirini hivi, yanayobeba umma bila mtu kushika usukani. Kuna aina mbili, na ni muhimu kuzitenga tangu mwanzo. Aina ya kwanza hupita kwenye njia yake peke yake, iliyozungushiwa uzio au kuinuliwa juu ya nguzo, mahali ambapo hakuna mtu wala mnyama anayekatiza. Aina ya pili hupita njia moja na watu, ikitegemea kamera, vihisi vya leza na ramani iliyochorwa kwa makini. Ya kwanza ni ya kuaminika lakini hula nafasi na fedha. Ya pili haihitaji nafasi kubwa, ila hulazimika kwenda polepole na kusimama mara kwa mara.

2. Vipo mahali popote, au ni maneno ya maonyesho?

Vipo. Mji wa Morgantown, katika jimbo la West Virginia nchini Marekani, umekuwa na mfumo wa namna hii tangu 1975. Una vituo vitano na unawabeba zaidi wanafunzi wa chuo kikuu. Katika uwanja wa ndege wa Heathrow, London, vigari 21 vya watu wanne wanne vilianza kazi 2011 kati ya maegesho na jengo la abiria. Masdar City, Abu Dhabi, walianza 2010. Karibu na Rotterdam, Uholanzi, mabasi madogo yasiyo na dereva yalianza 1999, yakiongozwa na sumaku zilizofukiwa barabarani. Suncheon, Korea Kusini, walifungua njia yao 2014.

Mifumo yote hiyo mitano ilijengewa njia yake, kama ile aina ya kwanza. Na tukio la Masdar lina funzo kwetu. Mpango wa awali ulikuwa vigari viuhudumie mji mzima, vikipita chini ya sakafu ya watembea kwa miguu. Mpango ukapunguzwa, kikabaki kipande kifupi tu. Mji ule ulikuwa unajengwa upya kabisa jangwani, kila kitu kikichorwa kwa ajili ya vigari, na bado hesabu haikukubali. Lamu ilijengwa karne nyingi kabla, kwa kipimo cha mtu na punda.

3. Kuna mji wa kale uliowahi kujaribu?

Ipo michache, na kila mmoja ulichagua njia yake. Sion, nchini Uswisi, ulianza 2016 kupitisha mabasi madogo ya kujiendesha katika njia za mji wake wa kale, kwa mwendo usiozidi kilomita 20 kwa saa na msimamizi akiwa ndani. Miezi michache baadaye basi moja liligonga mlango wa nyuma wa gari lililoegeshwa, mlango ambao ulikuwa umefunguliwa na kuning'inia. Hakuna aliyeumia. Lakini likumbuke tukio hilo, nitalirudia kwenye swali la 14.

Venice, ambao kwa vichochoro ni ndugu yetu, ulifungua 2010 kijitreni kisicho na dereva chenye vituo vitatu. Kinaishia Piazzale Roma, kwenye ukingo wa mji. Kutoka hapo ni miguu au boti. Amritsar, India, kulitangazwa 2011 mpango wa vigari juu ya nguzo kuwapeleka mahujaji kwenye Hekalu la Dhahabu. Haukujengwa. Ukiniuliza ni upi kati ya hiyo tuufuate, nitakujibu Venice bila kusita.

4. Lamu watu hutembea. Shida iko wapi?

Ndani ya Mji wa Kale hakuna shida ya gari, na tusiibuni. Shida iko kwa waliohamia nyuma. Mji umepanda mlimani na kutanuka, na mama mwenye mtoto mgonjwa anayeishi mitaa ya Kashmir au Wiyoni hatembei mwendo ule ule wa mtu wa Mkomani, mtaa wa Mji wa Kale, aliye hatua chache kutoka baharini. Wazee wanaokwenda kliniki Hospitali ya King Fahd, watoto wa shule, wafanyakazi wa kijiji cha Shela wanaorudi usiku: hao ndio abiria. Pengo hilo ndilo bodaboda zimeliziba, na zimelileta pamoja na kelele, ajali na moshi. Kuzipiga marufuku bila kuweka kitu mahali pake ni kumwambia mgonjwa atembee.

## Njia

5. Kigari kitapita mlangoni kwangu?

Ukiishi ndani ya Mji wa Kale, hapana. Kigari cha Heathrow, ambacho ni miongoni mwa vyembamba kabisa, kina upana wa mita 1.47. Basi dogo la aina iliyotumika Sion lina mita 2.11. Sasa ingia kichochoro chochote cha Mkomani ukitazama chini na juu. Chini kuna mtaro wa maji, ngazi za daka, na baraza ambapo mzee ameketi tangu alasiri. Juu kuna wikio linalounganisha nyumba mbili. Palipo na nafasi ya punda mwenye shehena na mtu aliyejibana ukutani, hapana nafasi ya chombo kisichoweza kujibana.

Kuna hesabu nyingine ambayo watu huisahau. Njia ya watu wanaotembea hupitisha, bila msongamano, zaidi ya watu 1,500 kwa saa kwa kila mita moja ya upana. Kigari cha watu wanane kingelazimika kupita karibu kila sekunde 20, kimejaa, ili kufikia idadi hiyo, na chenyewe kinahitaji zaidi ya mita moja. Kukiingiza kigari kichochoroni ni kupunguza uwezo wa njia. Usita wa Mui, njia kuu ya ndani ya mji, tayari una chombo bora kuliko vyote vinavyouzwa, nacho ni miguu.

6. Kwa nini vichochoro visipanuliwe kidogo?

Kwa sababu nyumba ndizo kuta za kichochoro. Ni kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye dari za boriti za mikoko, na nyingi zinaegemeana. Ukibomoa moja, unahatarisha jirani yake. Wembamba wenyewe una kazi: unatoa kivuli mchana kutwa na kuuvuta upepo wa baharini.

Kisha kuna sheria na heshima ya mji. UNESCO iliuingiza Mji wa Kale wa Lamu katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2001, na sehemu iliyoorodheshwa ni ndogo, kama hekta 16 tu. Asiyeamini kwamba mradi wa usafiri unaweza kuuondoa mji kwenye orodha hiyo auulize Dresden, Ujerumani. Bonde la Elbe la mji huo lilifutwa 2009 kwa sababu ya daraja moja la magari.

7. Basi vipite juu, kwenye nguzo?

Nguzo zinataka misingi mirefu, na misingi ingechimbwa katikati ya mabaki ya mji uliokaliwa kwa karne nyingi. Juu yake, abiria angekuwa anatazama ndani ya vyumba vya ghorofani na kwenye mapaa ambako wanawake wanafanya shughuli zao. Sijakutana na mtu wa Lamu aliyelisikia hilo akalikubali.

8. Njia yenyewe ingepita wapi?

Nyuma ya mji. Uti wa mgongo ungefuata upande wa juu, kwenye barabara pana zaidi zinazotumiwa tayari na bodaboda na trekta, kutoka mitaa ya kaskazini, upite nyuma ya Mji wa Kale, ushuke King Fahd, kisha uendelee na njia ya nchi kavu hadi Shela, iliyo kama kilomita 3 kutoka mjini. Vituo viwekwe mahali ambapo vichochoro vikuu vinatokea juu, ili mtu wa ndani atembee dakika chache za kivuli kabla ya kukifikia kigari.

Kuna mstari mmoja usiovukwa: vilima vya mchanga vya Shela. Mchanga ule ndio unaochuja na kuhifadhi maji matamu tunayokunywa. Njia ikifika hapo, iishie kijijini. Hakuna muda wa safari unaostahili kulipiwa kwa kisima.

9. Usita wa Pwani je? Ni mpana, na jeti iko pale.

Mpana ndiyo, lakini ndiko kunakopakuliwa saruji, maembe, magodoro na wageni, yote kwa wakati mmoja. Na wakati wa bamvua maji hupanda hadi kwenye njia. Maji ya chumvi na mota ya umeme havipatani. Pendekezo langu ni kituo kimoja karibu na jeti, upande wenye nafasi, kinachofikiwa kwa njia fupi kutoka juu, na pwani yenyewe ibaki ya mahamali, punda na wapita njia.

10. Kigari kinajuaje njia bila dereva?

Watu hudhani ni GPS. Setilaiti husaidia mahali pa wazi kama njia ya Shela, lakini kati ya kuta ndefu ishara hugonga huku na kule, na kigari kinaweza kudhani kiko mita kadhaa kando ya pale kilipo. Kwa hiyo hutumia leza kupima umbali wa kuta na kulinganisha na ramani kiliyonayo. Tatizo la Lamu ni kwamba kuta hubadilika: leo kuna rundo la matofali ya matumbawe, kesho limejengwa. Ramani itahitaji mtu wa kuisasisha kila mara, na mtu huyo anapaswa kuishi hapa. Sumaku kama za Rotterdam ni za kuaminika zaidi, na kwa njia mpya ya nyuma zinawezekana, kwa sababu huko hatufukui sakafu ya kale.

## Hesabu

11. Vingehitajika vingapi?

Tufanye hesabu kwa mfano, kila mtu aweze kuirudia kwa namba zake. Tuseme njia ina kilomita 3 na mwendo wa wastani ni kilomita 10 kwa saa. Kwenda na kurudi ni kilomita 6, yaani dakika 36. Weka vituo sita kila upande, dakika moja kila kituo, uongeze dakika 12. Mzunguko mmoja ni dakika 48. Ukiwa na vigari 8 barabarani, kimoja kitapita kila dakika 6. Ni safari 10 kwa saa, na kwa viti 8 unapata watu 80 kwa saa kila upande. Ukitaka watu 200, unahitaji vigari 20. Ongeza viwili au vitatu vya akiba, kwa kuwa vingine vitakuwa vinachaji au viko gereji.

Watu 80 kwa saa si wengi. Anayekuahidi maelfu anasoma takwimu za njia iliyofungwa, ambako vigari vya watu wanne vinavyofuatana kila sekunde sita hutoa viti 2,400 kwa saa. Kwenye njia yenye punda na watoto hesabu hiyo haipo.

Lakini namba ya kuanzia si ya vigari. Kwanza wahesabiwe watu. Wapangaji wasimame kwenye kona, watoto wa shule wanapotoka, boti za kutoka Mokowe, upande wa bara, zinapofika, baada ya swala ya Ijumaa, na usiku wafanyakazi wa Shela wanaporudi. Wahesabu wapita njia, punda, mikokoteni na bodaboda, siku za kawaida na siku za msimu wa wageni. Abiria wa Lamu hawaji kidogo kidogo kama maji ya bomba; huja kwa mafungu, boti kwa boti. Wastani wa siku nzima utamdanganya kila anayeutegemea.

12. Mwendo gani ni salama?

Kwa kilomita 20 kwa saa, kigari kinachochukua nusu sekunde kutambua mtu, kisha kufunga breki bila kuwaangusha walio ndani, husimama baada ya mita 10 hivi. Kwa kilomita 10 kwa saa ni mita 3 na kitu. Mtoto anayetoka mlangoni akikimbiza mpira hakupi mita 10. Kwa hiyo palipo na nyumba pembeni, mwendo uwe kilomita 10 kwa saa au chini yake. Kwenye kipande cha wazi cha kuelekea Shela, kilichotengwa, waweza kupanda hadi 20.

Na usiamini kwamba msimamizi akiwa ndani hatari imekwisha. Agosti 2021, katika kijiji cha wanamichezo wa Paralimpiki mjini Tokyo, basi la kujiendesha lenye wasimamizi lilimgonga mwanamichezo asiyeona vizuri alipokuwa akivuka kwenye makutano, na huduma ikasimamishwa kwa siku kadhaa. Lilikuwa likienda polepole sana.

13. Si afadhali kuongeza boti?

Kwa Shela mara nyingi ni kweli, na mpango mzuri uanze na jeti, ngazi zisizoteleza, taa na nauli iliyobandikwa. Boti hazihitaji barabara. Lakini boti hazipandi mlimani Kashmir. Vilevile kusi linapovuma kwa nguvu, si kila mjamzito ataingia kwenye mashua. Boti na vigari viwekewe ratiba moja na, ikiwezekana, tiketi moja.

## Watu, punda na kazi

14. Punda watafukuzwa?

Hapana, na mpango unaowafukuza haufai. Kigari cha abiria hakibebi mchanga, saruji wala mawe ya kujengea hadi mlango wa ndani kabisa wa Mkomani. Punda hubeba. Lamu ina zahanati ya punda inayotibu bure tangu miaka ya 1980, na elimu ya kuwatunza imekuwa ikiongezeka. Fedha za mradi zinaweza kujenga mabirika ya maji na vivuli vya punda karibu na kila kituo.

Suala gumu ni la kiufundi. Basi la Sion liligonga kitu kilichoning'inia hewani, si kitu kilichosimama ardhini. Hapa vitu vinavyoning'inia ni vya kila saa: boriti zinazotokeza nyuma ya punda, mabati begani mwa hamali, makuti yaliyofungwa kwa mapana. Kihisi kilichofundishwa barabara za Ulaya kinaona miguu minne ya punda na kudhani nafasi iliyobaki ni tupu. Kabla ya kubeba abiria hata mmoja, kigari kijaribiwe na punda wa Lamu waliopakiwa mizigo ya Lamu, mchana na usiku. Asiyekubali sharti hilo asipewe kibali.

15. Vijana wa bodaboda na mahamali watakula wapi?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya juu kuliko yote, na lina haki ya kujibiwa kwanza. Chombo kisicho na dereva bado kinahitaji watu: wasimamizi ndani, watu wa vituo, mafundi wa umeme na breki, wasafishaji, waangalizi wa chumba cha udhibiti. Lakini tusijidanganye kwamba kazi hizo zitalingana na bodaboda zilizopo. Hazitalingana.

Kwa hiyo naona mambo mawili yaandikwe kwenye mkataba. Kwanza, nafasi hizo zitolewe kwanza kwa waendeshaji waliopo kisiwani, na mafunzo yaanze kabla ya kigari cha kwanza kushuka jeti. Pili, vyama vya waendeshaji viwe na hisa katika kampuni itakayoendesha, ili fedha ya nauli ilale Lamu. Kwa upande wa mahamali, vituo vinawaongezea kazi: abiria anayeshuka juu na masanduku mawili atamhitaji mtu wa kuyafikisha ndani.

16. Kamera zitachungulia nyumba zetu?

Zinaweza, na hofu hiyo ni ya haki. Kigari hupiga picha za kila kitu kinachokizunguka muda wote kinapokwenda. Katika mji ambao sitara imejengwa hadi kwenye mpangilio wa milango, hilo si jambo dogo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayekusanya picha za watu aeleze ni za nini na asizitumie kwa jingine. Tudai zaidi ya hapo: nyuso zifutwe ndani ya chombo kabla ya picha kuhifadhiwa, kamera zisitazame ghorofani, picha zisizohusu ajali zifutwe haraka, na seva zisiwe mali ya muuzaji. Hii pia ni sababu nyingine ya kuviweka nje ya vichochoro (swali la 5).

17. Mtu wa kiti cha magurudumu atafaidika?

Akifika kituoni, ndiyo. Sakafu ya kigari ilingane na jukwaa, mlango uwe mpana, na kengele na sauti zitangaze kituo kwa Kiswahili. Lakini kati ya nyumba na kituo kuna ngazi na mitaro. Kufunika mitaro kwa vifuniko vinavyoondoleka, na kuweka miteremko midogo palipo na ngazi za njiani, kutawasaidia watu wengi kuliko vigari vyenyewe. Ningeanza na hilo, hata vigari visipokuja.

18. Nauli italipwaje?

Kwa M-Pesa na kwa pesa mkononi, kituoni. Mfumo unaomtaka bibi awe na simu ya kisasa umeshamwacha njiani. Wanafunzi na wagonjwa wenye kadi ya kliniki wapunguziwe.

## Fedha na sheria

19. Ni ghali kiasi gani, na nani atalipa?

Mfumo wa Heathrow uliripotiwa kugharimu karibu pauni milioni 30, kwa vituo vitatu na chini ya kilomita 4 za njia. Sehemu kubwa ya gharama za aina hiyo huwa ni zege na chuma cha njia. Ndiyo maana naipendelea njia ya kawaida iliyotengenezwa vizuri, kwa mwendo mdogo: barabara itabaki na faida hata vigari vikiondoka. Morgantown gharama zilipanda mara kadhaa kupita makadirio, na walikuwa na serikali kuu ya Marekani nyuma yao.

Nauli ya watu 80 kwa saa haitarudisha mtaji. Atakayesema itarudisha aonyeshe hesabu. Kaunti ingelazimika kuchangia, na wananchi waambiwe mapema ni huduma gani nyingine itakayosubiri.

20. Nani mwenye uamuzi?

Si mtu mmoja. Usafiri na barabara za kaunti ni kazi ya Serikali ya Kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Mji wa Kale unalindwa kwa Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006, kwa hiyo Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yana kauli. NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, husimamia tathmini ya athari kwa mazingira. Kamati ya Turathi za Dunia inapaswa kuarifiwa kabla ya uamuzi usioweza kurudishwa.

Na wananchi. Lamu haihitaji kufundishwa jambo hili. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kesi ya wavuvi kuhusu bandari ya LAPSSET, yaani bandari mpya ya Lamu, na kuamuru walipwe shilingi bilioni 1.76. Mwaka 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe, moja ya sababu ikiwa umma haukushirikishwa ipasavyo. Mkutano mmoja hotelini, kwa Kiingereza, wenye soda na orodha ya kutia sahihi, si ushirikishaji.

21. Sheria ya Kenya inaruhusu gari bila dereva?

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, imeandikwa kwa kudhani kila gari lina dereva mwenye leseni na wa kushtakiwa. Kwa majaribio, njia iliyo salama kisheria ni kuwa na msimamizi mwenye leseni ndani ya kila kigari, mwenye breki mkononi. Bima nayo iandikwe wazi: mtu akigongwa, analipa mwendeshaji kwanza, kisha yeye na mtengenezaji watafutane wenyewe. Aliyevunjika mguu asisubiri uchunguzi wa programu.

## Hali zisizo za kila siku

22. Wakati wa Maulidi?

Mwisho wa Mfungo Sita mji hufurika, na zefe hujaza njia nzima. Vigari visithubutu kulikatiza. Ratiba ya siku hizo iwe nyingine kabisa: vizunguke kati ya Shela, hospitali na vituo vya nje, na kituo kilicho karibu na Msikiti wa Riyadha kifungwe. Wakuu wa msikiti ndio waamue saa, si kompyuta.

23. Jeneza likipita?

Kigari kinasimama, kinazima taa za rangi na matangazo, na kinabaki hivyo hadi wa mwisho apite. Programu ya kawaida ingejaribu kutafuta upenyo pembeni mwa kundi la watu. Hilo lizimwe kabisa katika programu ya Lamu, na msimamizi awe na kitufe chake.

24. Punda amelala katikati ya njia, haondoki. Itakuwaje?

Msimamizi anashuka na kumwondoa, kama ambavyo kila mtu hufanya. Ni moja ya sababu za kutoviacha vigari peke yake hata baada ya majaribio.

25. Umeme ukikatika?

Vilivyo njiani vitaendelea kwa betri. Hatari ni kukatika kwa muda mrefu. Kituo cha kuchajia kiwe na paneli za jua na betri za akiba za kutosha angalau kwa vigari viwili, na hivyo viwili viwe vya wagonjwa kwanza.

26. Betri ikiwaka moto?

Moto wa betri za lithiamu ni mgumu kuzima na unaweza kuwaka tena baada ya kudhaniwa umekufa. Katika mji wenye mapaa ya makuti, kituo cha kuchajia kisiwe ndani ya mji hata kwa usiku mmoja. Kiwe nje, mahali pa wazi, upande ambao upepo wa kusi na wa kaskazi haupeperushi cheche kuelekea nyumba, na kiwe na tangi lake la maji.

27. Mjamzito ameshikwa na uchungu saa nane usiku, ndani ya mtaa wa Langoni. Kigari kitamsaidia?

Kwa sehemu tu. Atabebwa kwa machela hadi kituo cha juu, na hapo kigari kimoja kiwe kinasubiri usiku kucha, chenye nafasi ya kulaza mtu, kimpeleke King Fahd bila kusimama. Kundi la wabeba machela wa mtaa, wenye mafunzo na namba moja ya simu, liundwe pamoja na mradi. Mgonjwa anayehitaji kuvuka bahari bado atahitaji boti ya wagonjwa, na hiyo ni bajeti nyingine.

28. Tukijaribu kisha tukakataa?

Mkataba uwe na muda wa majaribio unaojulikana na tarehe ya kura ya wakazi, mtaa kwa mtaa. Ikishindwa, muuzaji aondoe vigari, vihisi na nyaya kwa gharama yake, kutoka kwenye amana aliyoweka benki kabla ya kuanza. Barabara ya nyuma, taa zake, mitaro iliyofunikwa, machela na mabirika ya punda vinabaki, na vyote viandikwe kwa jina la kaunti tangu siku ya kwanza.